Baridi ya Mbizi ya Tatu

Nilishuka kutoka Kwai, kijijini kwetu milimani Lushoto, kwa sababu moja. Kulikuwa na kazi ya kukagua matumbawe Tanga, na mimi nilikuwa nimebakiza mbizi tatu tu nipate cheti cha kuzamia. Nikikikosa, nafasi inakwenda kwa mwingine, nami narudi kwenye kabichi.

Alfajiri, Lushoto. Basi liliondoka abiria wote tumevaa masweta. Tulipofika Soni nilifungua zipu ya koti, Mombo nikalivua, Tanga nikalisokomeza chini ya begi. Nilijiona nimemalizana na baridi.

Asubuhi iliyofuata, botini. Mwalimu wetu, Salim, alikuwa amevaa kofia ya sufu. Nilimwamkia nikizuia kicheko. Akanipa vazi nene la mpira.

"La nini hili, Mwalimu? Kwetu Julai maji ya bomba yanauma meno. Nipe jepesi."

"Haya, dada. Ila ukiona baridi, useme."

Mbizi ya kwanza ilikuwa raha tupu, maji ya vuguvugu. Tulipopanda, Salim alivua vazi, akajifuta, akavaa nguo kavu, akamimina chai ya tangawizi. Mimi nilikwenda mbele ya boti na vazi langu bichi, niote jua kama tunavyofanya nyumbani. Sikufikiria kwamba nyumbani tunaota jua tukiwa wakavu, tena nyuma ya ukuta unaozuia upepo. Rehema, msichana wa Pangani niliyepangwa kuzama naye, alikuja kukaa karibu yangu, naye na vazi lake bichi.

Baada ya mbizi ya pili meno yalikuwa yananigongana. Salim akauliza, "Kuna anayeona baridi?"

"Hapana," tulijibu wote wawili. Mimi niliona aibu. Mtu wa milimani atetemeke Tanga, jua likiwaka?

Ilipofika ya tatu, nilijaribu kufunga mkanda, vidole vikakataa. Hapo niliogopa kwelikweli. Hewa ya Rehema ikimwishia kule chini, mikono hii hii ndiyo ingempa yangu.

"Mwalimu, nina baridi. Siwezi kuzama." Nilijua cheti ndicho hicho kinaondoka.

Rehema akashusha pumzi. "Afadhali umesema! Mie natetemeka tangu ya kwanza. Nikikutazama umetulia juani, nikasema huyu wa Lushoto atanicheka."

Salim hakutukaripia. Aligeuza boti. "Mtamalizia kesho. Na mavazi mazito."

Tulimalizia, tukapata vyeti. Salim alinikataza kupanda mlima siku hiyo, hewa iliyojificha mwilini itoke kwanza, kwa hiyo nilifika Kwai kesho yake jioni. Mama alicheka sana kusikia nimeganda Tanga.

Sasa kazi tunafanya pamoja, mimi na Rehema. Tukitoka majini tunavua vyote vibichi kabla hata ya kusemeshana. Kabla ya kuzama tena huniuliza kama naona baridi, nami humwambia kweli, maana nimeshajua kwamba nitakachojibu mimi ndicho atakachojibu na yeye.