King'ora Chenye Sauti ya Kukaanga

Niliondoka Mkonze asubuhi bila kupanga pa kwenda, king'ora na betri ya pikipiki vikiwa kwenye kiroba. King'ora hicho nilikitengeneza nyuma ya duka la spika mjini. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyenipa kazi bila kuuliza niliishia darasa la ngapi, alikisikiliza mara moja tu.

“Kijana, hili gari la wagonjwa au unakaanga dagaa?”

Hakukosea. King'ora cha kawaida hulia kama filimbi ndefu, na kati ya majengo huwezi kujua kinatokea wapi. Niliwahi kuona njia panda nzima imeduwaa, kila mtu akitazama upande wake, gari la wagonjwa likisubiri. Lakini mtu akikaanga, hata ukifumba macho unajua jiko liliko. Kwa hiyo ndani ya mlio nikatia sauti ya mafuta ya moto.

Lori la saruji lilinibeba mpaka Buigiri. Dereva alichoka na maswali yangu, akanishusha. Kando ya barabara mama mmoja asiyeona aliuza karanga mbele ya nyumba yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umebeba nini? Unahema kama punda.”

Nikamweleza. Dada yake alikaa ng'ambo ya barabara, akasema, na zamani alikuwa akivuka mwenyewe kwenda kwake. Siku moja king'ora kilimkuta katikati ya lami, asijue arudi au aende. Tangu hapo husubiri wa kumshika mkono.

“Haya, kilize.”

Tukaenda uani. Nilivua viatu asisikie hatua zangu, nikamzunguka nikikiliza, yeye aonyeshe kilipo. Kwa mlio mtupu alinyoosha kidole chooni, mimi nikiwa jikoni. Nilipoongeza ile sauti ya kukaanga, kidole kilinifuata kila nilipohamia. Isipokuwa niliposimama kwenye kona ya ukuta wa matofali: hapo alionyesha upande mwingine kabisa, nikamwambia.

“Umenipoteza.”

“Ni ukuta, mama. Unarudisha sauti.”

“Na huko mjini hakuna kuta?”

Nikaanza kufunga kiroba.

“Unakwenda wapi?”

“Sijui bado.”

“Basi hujamaliza. Chumba cha uani kitupu tangu mpangaji ahame. Fagia mwenyewe. Na kesho usikipige mpaka ninywe uji; baada ya hapo nataka kujaribu kuvuka kwa dada.”

Nikafagia. Yeye akasimama mlangoni akisikiliza ufagio, kisha akanyoosha kidole kwenye kona niliyoiruka.