Mwalimu wa Kalemie na nyumba ya mama yake

Saa mbili asubuhi. Evodie Numbi anashika kamba na kuivuta kwa nguvu. Mezani, juu ya ubao uliowekewa goroli chini yake, kijumba cha matofali madogo kinayumba. Kona inafunguka, ukuta unalala. Wanafunzi ishirini na watatu wa usanifu majengo wanacheka, kisha kicheko kinakatika. Mama mmoja mzee amesimama mlangoni.

Ni Mama Monique, mzazi wa Evodie. Kijumba kilichoanguka ni mfano wa nyumba yake, wanafunzi walikwenda kuipima wenyewe.

Evodie, mwenye miaka 38, anafundisha ujenzi wa kuhimili matetemeko katika taasisi moja mjini Kalemie. Mshahara, siku ukija, unaishia kwenye unga na karo za watoto. Hilo amelizoea. Kinachomuuma ni kwamba anafundisha watoto wa wenzake kujenga nyumba salama, na mama yake mwenyewe analala chini ya ukuta wenye nyufa tangu tetemeko la mwaka 2005.

Nyufa hizo marehemu Papa Augustin, baba wa Evodie na mwashi aliyeijenga nyumba, alizijaza saruji. Mjane wake huzipaka chokaa kila Pasaka. Ukuta unapendeza, hatari iko palepale. Miaka minne binti amembembeleza akubali ukuta uimarishwe, wapi!

"Iyi njo nyumba ya baba yako," humjibu. "Hakuna mutu ataigusa."

Leo wanafunzi wanaleta kijumba cha pili, sawasawa na cha kwanza, ila juu ya kuta kimezungushiwa mkanda wa zege wenye waya ndani. Evodie anampa mama yake kamba.

"Vuta, Mama."

Mama Monique anavuta. Anavuta tena, sasa kwa hasira. Kijumba kinacheza, hakianguki. Anatafuta benchi, anaketi, machozi yanamtoka.

"Niliogopa batu watasema bwana yangu hakujua kazi."

"Alijua, Mama. Mambo ya mukanda hakuna mutu alimufundisha. Angekuwa hapa leo, angekaa mbele kabisa, atuulize maswali mpaka tuchoke."

Mama Monique anacheka huku akilia, maana mumewe alikuwa hivyo hasa. "Basi mukuje. Lakini kazi ikuwe safi. Yeye hakupenda kazi ya ovyo."

Jumamosi hii mwalimu na wanafunzi wataanza kufunga mkanda kwenye chumba cha kulala cha Mama Monique, kwa mifuko minane ya saruji ambayo Evodie ameidunduliza mmoja mmoja.

"Kila ardhi ikitikisika, napanda pikipiki mbio mpaka kwake," anasema Evodie. "Nataka siku moja nishituke usingizini, nimukumbuke, halafu nigeuke upande wa pili, nilale."