Mfuko wa Joho

Mchungaji alikuwa na sauti nzuri, na shida yake ilianzia hapo. Mtu mwenye sauti kama ile angeweza kusoma orodha ya dawa za hospitali na watu wakatoa leso. Kwa miaka ishirini na mitatu aliitumia kuzika, kubatiza, kufungisha ndoa, kupatanisha waume na wake waliokwisha kurushiana sahani, na kuongoza vikao vya paa la kanisa, paa lililovuja tangu siku aliyofika na linalovuja hadi leo. Watu walimpenda, nao hawakukosea. Alikuwa mtu mwema, asiye na makuu, anayejua watoto wa kila nyumba kwa majina, na mbwa wao pia.

Ila ndani alikuwa mkavu. Nalisema waziwazi kwa kuwa mwenyewe alichelewa mno kulisema. Hakuwa na dhambi aliyoificha, wala hakuwa ameacha kuamini. Aliomba kila siku, tena sana: kwa ajili ya wagonjwa, wafiwa, hata fundi wa paa. Lakini asubuhi moja, akifunga kamba za viatu, alijiuliza ni lini mara ya mwisho aliomba bila mtu wa kuitikia amina. Akabaki amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, akitafuta siku hiyo asiipate. Biblia nayo alikuwa akiifungua kama mpishi afunguavyo kabati, kuona kuna nini cha kuwapikia wageni. Yeye mwenyewe alikuwa hajaketi mezani kwa miaka.

Ndipo akamwandikia Askofu barua. Aliomba aondolewe mimbarini, apewe kazi ya kutunza mafaili katika ofisi kuu, mahali ambapo hakuna anayemtegemea mtu awe na moto moyoni. Mkewe, ambaye ni muuguzi na hashtuki ovyo, aliisoma akairudisha kwenye bahasha.

"Kama umechoka, umechoka," alisema. "Sitakuzuia. Lakini joho lako limechanika kwapani. Utaagaje watu kwapa liko nje? Kwanza liende kwa fundi."

Jumapili iliyofuata Askofu alikuja kuwatembelea. Mchungaji alitia bahasha kwenye mfuko wa ndani wa joho, akakata kauli kwamba atamkabidhi mkononi. Askofu akaja, akabariki, akala, akashiba, akaondoka, na bahasha haikutoka. Mara nne Mchungaji alipeleka mkono kifuani, mara nne akaishia kujikuna. Maombi ya uhamisho yalikuwa yakipokelewa mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Zilimbakia siku nane.

Kesho yake mkewe alilikunja joho, akaliacha kwa fundi alipokuwa akienda kazini. Hakuna aliyekagua mifuko. Mchungaji, kwa jinsi kichwa chake kilivyojaa mambo, aliamini kabisa kwamba bahasha ameirudisha kwenye droo.

Alhamisi akaenda kuulizia. Fundi alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, muumini wake, wa benchi la tatu upande wa dirisha. Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kutolea vipuri, kopo la vifungo, na nguo za watu zimening'inia ukutani, kila moja imebanwa kikaratasi chenye jina kwa pini. Joho lilikuwa mapajani mwake, limegeuzwa ndani nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mchungaji. Kaa. Hapana, si hapo, pana sindano." Akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyochakaa mikunjoni. "Hii nimeikuta mfukoni."

Mchungaji aliitambua kabla hajaishika, akatamani ardhi ipasuke immeze. Yalikuwa mahubiri yake ya nabii aliyechoka jangwani, yale ambayo watu waliyapenda kuliko yote. Juu kabisa aliandika tarehe za kila mara alipoyahubiri, kama wafanyavyo wahubiri wengi ili wasirudie mapema mno. Tarehe zilikuwa kumi na moja. Hilo lingesameheka. Kilichomtoa jasho ni maneno ya pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe: *hapa watacheka, ngoja*. Chini yake: *hapa shusha sauti*. Na karibu na mwisho, yamepigiwa mstari: *hapa sauti inakatika, toa leso*.

"Umesoma?" aliuliza.

"Nimesoma. Nikasema, kumbe tunalizwa kwa ratiba!"

Fundi alicheka, kicheko cha kweli kisicho na sumu, mpaka akalazimika kutoa pini mdomoni. Mchungaji hakucheka. Akatazama viatu vyake, kisha maneno yakamtoka bila kupangwa.

"Mara ya kwanza ilikuwa kweli, mama. Sauti ilikatika yenyewe. Niliporudi nyumbani nikaandika pale pembeni ili nisisahau. Mara ya pili nikafuata karatasi. Tangu hapo nafuata karatasi."

"Mara ya kwanza nilikuwepo," fundi alisema. Aliweka kidole kwenye tarehe ya juu kabisa. "Ilikuwa Jumapili baada ya kumzika mume wangu. Nilikuwa sijala siku tatu. Ulisema Mungu hakumgombeza yule nabii, alimwacha alale, akampa chakula. Nikaenda nyumbani nikala. Mtu mzima, nimesimama jikoni, nakula kwa mkono kutoka kwenye sufuria."

Mchungaji hakuwa na habari hiyo. Miaka tisa tangu siku ile alikuwa akipokea shukrani mlangoni, "ahsante Mchungaji, umetubariki", na hakuna aliyewahi kumwambia habari ya sufuria.

"Sasa wewe," fundi akaendelea, akirudi kwenye kwapa la joho, "nani anakuombea?"

"Kanisa zima linaniombea."

"Kanisa zima ndiyo nani?"

Akafikiri. Alitaka kumtaja Bwana Saa, yule mzee wa kanisa anayepima urefu wa mahubiri kwa saa ya mkononi, lakini huyo aliomba zaidi habari ya muda. Alimtaja mkewe. Fundi akasema mke amejipa kazi mbili tayari, aachwe apumzike. Kisha akalisogeza joho, akafumba macho papo hapo, bila hata kumwambia ajiandae.

"Bwana, huyu amechoka. Mpe usingizi. Mpe hamu ya kula. Amina."

Basi. Hakupandisha sauti wala kushusha. Lakini machozi yakamjaa Mchungaji, na safari hii hapakuwa na mstari wowote uliomwagiza. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mhubiri peke yake ndiye anayeweza kulifanya. Machozi yakiwa bado yanashuka, mkono wake wa kulia ulikwenda mfuko wa shati, ukachomoa kalamu, ukaigeuza ile karatasi upande wa nyuma. *Ombi la fundi*, aliandika. *Fupi. Lafaa kwa Jumapili ya*

"Mchungaji!"

Akaacha.

"Rudisha kalamu mahali pake. Hilo si la Jumapili. Hilo ni lako."

Mchungaji aliitazama kalamu kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akaona aibu, halafu, ajabu, akaona raha, raha ya mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akarudisha kalamu. Alikaa pale saa nzima, cherehani ikilia, simu yake ikitetemeka mfukoni bila kujibiwa. Katikati alisinzia, kichwa kikigonga ukuta, na fundi akamwacha. Alipoamka njaa ilikuwa ikimuuma vibaya sana.

"Joho chukua Jumamosi," fundi alimwambia. "Na Alhamisi ijayo njoo. Bila kalamu."

Ningependa kusema kwamba alibadilika siku ile ile, lakini ningekuwa namsingizia. Ijumaa kulikuwa na msiba, Jumamosi kikao cha paa kilivuka saa tatu, na joho alilichukua mbiombio bila kulitazama. Jumapili asubuhi, katika chumba kidogo cha kuvalia, akiwa hajaandaa mahubiri yoyote, alifanya kama siku zote. Akachukua yale ya nabii, akayakunja mara nne, akapeleka mkono kwenye mfuko wa ndani.

Mkono haukuingia. Mdomo wa mfuko ulikuwa umeshonwa, mishono midogo, imara, ya mtu anayejua kazi yake. Alipoubonyeza, ndani yake kitu kigumu kidogo kikalia kama karatasi. Bahasha. Kumbe haikuwa kwenye droo.

Alicheka peke yake mpaka Bwana Saa akachungulia mlangoni na kuonyesha saa. Mchungaji akaacha karatasi mezani, akatoka na Biblia tu. Alisoma habari ileile ya nabii, kwa maana Alhamisi usiku alikuwa ameisoma tena, kwa mara ya kwanza kama barua iliyoandikwa kwake. Akawaambia watu kwamba yeye amekuwa amechoka na hakuwa amewaambia, na kwamba wiki ile Mungu alimpa usingizi ukutani kwa fundi na njaa baada yake. Sauti haikukatika. Leso haikutoka. Alimaliza kwa dakika kumi na mbili.

"Leo, Mchungaji," Bwana Saa alisema mlangoni, akimsikitikia kweli, "upako haukuwa kama siku zote."

"Ndiyo, mzee," Mchungaji alijibu, na moyoni akafurahi kama mtoto.

Fundi alipofika mbele yake, Mchungaji alimwinamia sikioni. "Mama, umenishonea barua ndani."

"Nilisoma juu tu, *Kwa Baba Askofu*. Nikasema, mtu akimwandikia Askofu kisha akaisahau mfukoni, hiyo barua haina haraka. Kama inayo, nyembe zipo."

Kesho yake, Jumatatu ya mwisho wa mwezi, mkewe alitandaza joho juu ya meza, akaweka wembe kando yake, akaenda kuchemsha chai. Mchungaji alikaa akitazama mishono ile. Aliomba, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeitikia amina, kwa kuwa chumbani hamkuwa na mtu. Mkewe aliporudi na vikombe viwili, alimkuta anakula mkate wa pili, na wembe umerudishwa kwenye pakiti yake.

Ni mwaka wa nne sasa. Paa linavuja. Kila Alhamisi kuna kiti kwa fundi ambacho wateja wanajua hakikaliwi, na baadhi yao wamewahi kumkuta Mchungaji hapo akikoroma. Jumapili nyingine huhubiri vizuri, nyingine ovyo. Kila anapoegemea mimbari, bahasha hulia kidogo kifuani, sauti anayoisikia yeye peke yake, na bado anahubiri.