Bi Gawanya na Namba ya Mita

Wanafunzi wake wa hesabu ndio waliombandika jina la Bi Gawanya, na kustaafu hakukuupunguza ubishi wake hata chembe. Wenzake walipostaafu walifuga kuku. Yeye alifuga namba. Aliichukua ile iliyochapwa kwenye mita ya umeme, 1,022,117, akaanza kuigawa kwa mkono: kwa mbili, tatu, tano, saba, akipanda hivyo hivyo, hadi mlango wa jikoni ukawa mweupe kwa chaki. Mwishowe akatangaza kuwa ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Aliwaambia majirani, mwenye duka, hata msoma mita, ambaye alimpa pole.

Pole hiyo ikamfikia binti yake. Jumamosi akaja na mumewe, wana neno moja tu: mama ahamie kwao, nyumba ipangishwe, maana kichwa kimeanza kuchoka.

"Kichwa cha nani?"

"Mama, unaandika milangoni!"

"Mlango wangu, chaki yangu. Wewe kinakuwasha nini?"

Mkwe, mpole anayependa kushinda, alikuwa ameshatoa simu na kubonyeza. "Samahani, mama. Hii namba si tasa. Inagawanyika kwa..."

"Ukinitajia, hukanyagi tena hapa!"

Binti alimtazama mumewe kwa macho ya kusema nilikuambia. Bi Gawanya aliogopa, na ninalisema mimi kwa sababu yeye hatalisema kamwe. Kama hesabu imemtupa mkono, basi labda wanalosema ni kweli.

Akauendea mlango, akaisoma kazi yake kuanzia chini. Kigawanyo cha mwisho kilikuwa 997. Hapo aliishia, kwa kuwa kipeuo cha pili cha milioni ni elfu moja, na anayetafuta vigawanyo hana haja ya kuvuka kipeuo. Lakini hii ilikuwa milioni na zaidi! Kipeuo chake kilipita elfu moja na kumi kidogo, na njiani ilibaki namba tasa moja tu ambayo hakuijaribu. Akagawa, chaki ikilia. Hakukubaki kitu.

"Elfu moja na tisa!" alipiga kelele kama aliyeshinda. "Mara elfu moja na kumi na tatu! Nimeiacha moja tu, mjinga mimi!"

"Kwa hiyo unakubali umekosea," mkwe akasema taratibu.

"Nimekosea, ndiyo, tena vibaya! Kuteleza si kuanguka, baba." Akafuta mikono kwenye kanga, kisha akamgeukia binti yake, na sauti ikamshuka. "Siku nitakayokosea nisijue nimekosea wapi, njoo unichukue, sitabisha. Leo kunyweni chai, mwende kwenu."