Mstari wa Mwalimu kwenye Faili la Mamlaka

Miaka ile ya soko huria, Sumbawanga kila mtu alikuwa anafungua kitu. Huyu mashine ya kusaga, yule duka la mitumba, mwingine kibanda cha kupigia simu. Mwalimu wangu wa darasa la sita alipostaafu akafungua kituo cha kompyuta, na watu wakasema kiinua mgongo kimempanda kichwani. Mimi nilisema mbingu imeshuka, imekaa jirani na soko. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama aliyasoma mara moja, akayakunja, akayaweka chini ya godoro. Mwalimu aliponiita nikamsaidie, nilikimbia kutoka nyumbani mpaka kituoni katika upepo ule wa mwezi wa sita unaopasua midomo, na baridi sikuisikia hata kidogo.

Tulikuwa na kompyuta sita za mtumba, na ya saba kubwa tuliyoiita Bibi, kwa sababu zile sita zote zilimtegemea yeye. Ukitaka kumpokea mwanafunzi mpya, lazima jina lake liandikwe kwa Bibi kwanza. Na Bibi haamrishwi na kila mtu. Ndani yake kulikuwa na faili moja lenye orodha ya watu wenye mamlaka, na kwenye orodha ile alikuwemo mtu mmoja tu: fundi, kijana wa Mbeya aliyezifunga kompyuta zetu.

Mwalimu mwenyewe hakuwemo. Mwenye nyumba, mwenye meza, mlipa umeme! Siku ya kwanza alipojaribu kuandika jina la mwanafunzi, Bibi alimjibu kwa Kiingereza kwamba hayumo kwenye faili la walioruhusiwa, na kwamba tukio hilo litaripotiwa. Mwalimu akavua miwani.

"Litaripotiwa wapi, mwanangu?"

"Sijui, Mwalimu."

"Polisi?"

Kesho yake alikuja na barua ya maelezo, kurasa mbili, mwandiko ule ule wa ubaoni. Fundi alipoisoma alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ripoti zile zilikuwa zinakwenda kwenye sanduku lake mwenyewe la barua humo humo ndani ya Bibi, na hakuwahi kulifungua. Lakini Mwalimu hakucheka. Alisema tu, taratibu, "Nimekuwa mgeni kwenye mlango wangu." Mimi machozi yangu yako karibu siku zote, nikatoka nje kujifanya natazama mawingu.

Basi, fundi akapata kazi Dar es Salaam. Siku ya kuondoka alipata lifti kwenye lori la dagaa lililotoka Kirando, ziwani, kwenda Tunduma, ambalo lingepita saa nane mchana. Tulikuwa na asubuhi moja tu ya kumpa Mwalimu mamlaka yake. Ikishindikana, au faili likiharibika na fundi yuko njiani, kituo kimekufa. Na kwenye benchi alikuwa ameshakaa mama mmoja wa wafugaji, katoka Milepa tangu alfajiri, anataka kujifunza kuchapa. Jina lake lilikuwa la kwanza kusubiri.

"Kaa hapa," fundi akaniambia. "Mimi nikiandika utasahau. Andika wewe."

Moyo wangu! Nilifuta vidole kwenye suruali. Nikaanza kulifungua lile faili kwa programu yetu ya kila siku ya kuandikia.

"Weee, mshikaji!" Akanishika mkono. "Hili halifunguliwi kama barua ya uchumba. Ukikosea hata alama moja ukahifadhi, Bibi hamwamini tena mtu yeyote, na mimi nikiwemo. Lina amri yake."

Amri yenyewe inaitwa visudo. Inakufungulia faili, inamzuia mwingine asiliguse wakati wewe unaandika, na kabla ya kuhifadhi inakagua kwanza kama ulichoandika kinasomeka. Halafu fundi akafungua dirisha la pili kwenye skrini, akaingia humo kwa mamlaka kamili, akaliacha wazi.

"Hili usilifunge hata nyumba ikiungua. Kule tukiharibu, tutapitia hapa kutengeneza. Mpaka tujaribu, tuone Mwalimu anakubaliwa, ndipo tufunge."

Nikaandika mistari miwili. Mmoja wa Mwalimu, aruhusiwe kila kitu. Mmoja wa kundi la walimu, yaani Mwalimu na vijana wawili waliokuwa wanamsaidia kufundisha jioni: wao waruhusiwe kumzima Bibi, lakini wakatazwe kabisa kuongeza watu au kuwafuta. Nikahifadhi. Bibi akasema kuna kosa kwenye mstari, akaniuliza: sasa tufanye nini?

Nilifurahi mno kuulizwa kwa heshima. Kulikuwa na herufi tatu za kuchagua, na kidole changu kilikuwa kinaelekea Q kubwa, kwa kuwa nilijua Q ni kutoka.

"Hiyo ni kuhifadhi na kosa lake!" fundi akapiga kelele. "Bonyeza e, urudi ukarekebishe!"

Nilikuwa nimesahau alama ya sawasawa. Nikaiweka, nikahifadhi, Bibi kimya. Kimya kwake ni ndiyo. Nikaruka nikamkumbatia fundi, nikamkumbatia na yule mama wa benchi, naye akasema, "Huyu ana homa?"

Mwalimu akakaa. Akaandika amri ya kumwingiza mama wa Milepa, polepole, kidole kimoja. Akaweka neno lake la siri. Bibi akajibu: huruhusiwi.

Mwalimu aliitazama skrini, akaanza kuikunja kanga yake magotini, kona kwa kona.

"Mwalimu," mama wa Milepa akasema, "ng'ombe wangu wana adabu kuliko huyu."

"Nyamaza, mama, ataripoti," Mwalimu akasema.

Nje lori likapiga honi. Fundi akamwomba dereva dakika kumi, akarudi kwenye lile dirisha lililo wazi, akafungua faili. Akasoma. Akanitazama.

"Kwa nini Mwalimu umemweka juu kabisa?"

"Sasa nimweke chini ya wale vijana?" Nilishangaa kweli. "Mtu aliyenifundisha kuandika jina langu?"

Fundi akashika kichwa. "Dogo, Bibi anasoma toka juu kwenda chini. Mistari miwili ikimgusa mtu mmoja, anaufuata wa mwisho. Mwalimu yumo pia kwenye kundi la walimu. Juu umempa, chini umemnyang'anya."

Mimi nikataka ardhi inimeze. Lakini Mwalimu alikuwa ameshanyoosha mgongo.

"Ni kama kikao cha ukoo," akasema. "Watoto wanasema, wajomba wanasema, wote wanabishana. Mzee anasema mwisho, na hilo ndilo linakwenda. Niweke chini, mwanangu. Huko ndiko kwenye heshima."

Nikauhamisha mstari wake, nikauweka wa mwisho kabisa. Ukaguzi ukapita. Mwalimu akarudia amri, kidole kimoja, na safari hii Bibi akanyamaza.

"Amekasirika?" mama wa Milepa akauliza.

"Amekubali!" tukapiga kelele wote watatu.

Fundi akasema bado moja: mstari wake yeye ufutwe, maana mtu akiondoka haondoki na ufunguo. Mimi vidole vikagoma. "Futa, mshikaji, siendi kufa, naenda Dar," akanisukuma begani. Mwalimu akaomba kiti, akafungua kwa amri ile ile, akaufuta mwenyewe, akasubiri ukaguzi, akajaribu tena kwa jina lake, akakubaliwa. Ndipo fundi akalifunga lile dirisha la pili.

Nilimsindikiza mpaka barabarani na begi lake. Akapanda juu ya magunia ya dagaa, nikamwambia atafika Laela ananuka ziwa zima. Akawa anaangalia mlango wa kituo.

"Mwalimu haji kuniaga?"

Nilirudi hatua chache nikachungulia dirisha la kituo. Alikuwa ameinama na mama wa Milepa, anamfundisha kuchagua neno la siri, na mlangoni walikuwa wamesimama wengine wawili.

"Ana kazi," nikamwambia.

Fundi akapiga bodi ya lori kwa kiganja mara mbili, likaondoka.