Maji Juu ya Kadi ya Kaka

Siku ya kumaliza matanga wazee waligawa vitu vya kaka yangu. Baba mdogo alichukua koti. Mimi nilipewa kompyuta ambayo kaka aliitumia kuhariri video za harusi hapa Tunduma.

"Wewe ndiye msomi," baba mdogo alisema. "Isije ikazimika mikononi mwako."

Labda alitania. Mimi sikuweza kuyachukua maneno hayo kama utani.

Miezi michache baadaye feni za kadi ya grafiki, ile inayotoa picha kwenye skrini, zilikufa. Joto lilipanda hadi nyuzi tisini na kompyuta ikajizima. Ningeweza kutafuta kadi nyingine, lakini hiyo isingekuwa yake. Nikaamua kuipoza kwa maji. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, nilipata kipozeo kilichotengenezwa kwa ajili ya kompyuta nyingine: bamba la shaba lenye mapezi ya alumini. Nikampelekea fundi wa rejeta za malori, rafiki wa kaka.

"Msomi, lori gani hili halina matairi?"

"Ni kadi ya kaka, fundi."

Akaacha kucheka. Aliyakata mapezi, akachomelea bomba la shaba juu ya bamba, akanitafutia pampu ya kurushia maji kioo cha lori na rejeta ndogo ya hita ya kuyapoza maji hayo. Skrubu nne za kubana bamba kwenye kadi alizikaza kwa mshazari, kidogo kidogo, kama anavyofunga silinda hedi ya injini.

"Ukishaona haivuji, iache," alisema. "Umenisikia? Usiiguseguse."

Joto lilishuka hadi hamsini. Kwa siku tatu nilikuwa na amani, kisha nikaanza kuwaza. Je, dawa ya kupitisha joto iliyopakwa kati ya chipu na bamba ilienea vizuri? Je, bamba limekaa sawa? Namba kwenye skrini ilisema kila kitu ni kizima, nami sikuiamini. Nikafungua. Dawa ilikuwa imeenea vizuri. Nikafunga. Kesho yake nikajiuliza kama nilifunga sawasawa, nikafungua tena.

Mara ya tatu niliikaza skrubu moja hadi mwisho kabla ya nyingine. Chipu ya kadi haina kifuniko, ni nyembamba kama kioo. Nilisikia mlio mdogo, kama wa kuvunja njiti. Nilipowasha, skrini ilibaki nyeusi. Pampu iliendelea kuzungusha maji, safi kabisa, bila kuvuja hata tone.

Jumapili mama alipiga simu kutoka Iyula, baada ya ibada.

"Mashine ya mwenzio inaendeleaje?"

Nilikuwa nimeandaa majibu manne. Yote yalinitoka kichwani.

"Mama, nimeiua. Ilikuwa imepona, nikaiua."

Nilisikia kahawa iliyoanikwa ikigeuzwa kwenye kichanja, mikono yake haikuwa imesimama. Kisha ikasimama.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula, mama."

Alijua kwamba sijala. Hakukata simu, wala mimi sikukata.