Kanola ya Shamba la Chini

Watu walimwita Mama Ngano kwa sababu tangu aolewe hakuwahi kulima kitu kingine. Miaka sita mfululizo shamba la chini lilikuwa ngano juu ya ngano, hadi udongo ukachoka, mizizi ikaanza kuoza na masuke yakatoka membamba. Mdogo wake wa mwisho, mwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta mjini, ndiye aliyemshauri avunje mfululizo huo kwa kupanda kanola, mmea wa mbegu za mafuta, msimu mmoja.

"Dada, mbegu zote nitachukua mimi, kwa bei ya leo hii hii," alimwambia. "Ila usimwambie mtu. Nimekuwekea wewe peke yako."

Mama Ngano akafunga mdomo. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni mdogo huyu, akamsomesha kwa jasho lake. Angemtilia shaka vipi? Shamba likageuka njano tupu, nyuki wakavuma kutwa. Shoga yake wa ng'ambo ya mtaro alipouliza kulikoni, alimjibu kwa mkato kwamba anajaribu tu, kisha akaona haya.

Siku ya kupeleka mavuno alikuta foleni ya matrekta nje ya kiwanda. Shoga yake alikuwa wa tatu mbele, ameketi juu ya magunia ya kanola aliyoilima kwenye shamba lake la mbali. Wakatazamana. Neno moja likaleta jingine, ikajulikana kwamba kila aliyekuwa pale aliahidiwa peke yake na kuambiwa anyamaze.

Ndani, mdogo wake hakuinua macho kutoka kwenye mizani. Alisema mzigo umezidi, bei ni nusu.

"Hata mimi?"

"Dada, nikikupendelea wewe, hawa wengine watanielewaje?"

Mama Ngano aligeuka akatoka. Alirudi nyumbani na magunia yake, akasogeza makochi ukutani na kuyapanga sebuleni, kwa kuwa ghala lilikuwa linavuja. Wiki nzima alipita kwa ubavu kwenda jikoni. Mwishowe yeye na shoga yake wakakodi lori moja hadi kiwanda cha mbali. Ukitoa nauli, alirudisha gharama na senti chache juu.

Msimu uliofuata ngano ilishika shamba la chini kwa nguvu asiyoikumbuka, masuke mazito, mizizi myeupe. Faida ya kanola ilikuwa imejificha humo. Mdogo wake alikuja kutazama, akacheka.

"Si nilikuambia?"

"Kuhusu udongo ulisema kweli," alijibu dada yake. Hilo ndilo lililomuuma Mama Ngano zaidi.

Alimtilia chai. Mdogo wake akauliza kama shamba la juu nalo litapandwa kanola, na mzigo ataupeleka wapi. Mama Ngano alisema bado hajaamua. Mkataba wa kanola na kile kiwanda cha mbali ulikuwa kabatini, umeshatiwa saini, na huo ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mtoto aliyemlea.